Maumivu ya Ugoko: Kalenda ya Mfupa na Kalenda ya Mashindano

Mjini Songea mvua zinazoanza mwezi Novemba hukatika karibu na mwisho wa Aprili. Wiki chache baadaye udongo mwekundu wa viwanja vya shule hukauka, nyasi hupungua, na ardhi huwa ngumu kama sakafu. Huo ndio wakati ambapo walimu wengi wa michezo huanza kuwakusanya wanafunzi kwa ajili ya mashindano ya UMISSETA, ambayo kwa kawaida hufanyika karibu na mwezi Juni. Vijana ambao tangu Januari hawakukimbia ila mchakamchaka wa asubuhi, sasa hukimbia kila jioni, na wengine alfajiri pia. Wiki ya kwanza hulalamika kwamba misuli inauma. Wiki ya pili pumzi imefunguka, na mwalimu anafurahi. Wiki ya tatu mmoja au wawili huanza kuchechemea. Ukiwauliza, huinama na kukuonyesha upande wa ndani wa mguu, kati ya goti na kifundo, wakisema: "Mwalimu, ni mfupa unaouma."

Majibu wanayopewa ni mengi. Wapo wanaoambiwa kwamba baridi imeingia mifupani, na kwa kuwa Juni ya Songea ni ya baridi kweli, maelezo hayo hupokewa kwa urahisi. Wapo wanaoambiwa wachuliwe kwa nguvu. Wengi huambiwa wakaze roho. Katika makala haya tutaeleza ni kitu gani hasa kinachouma, kwa nini maumivu hayo hupenda kutokea wiki ya tatu au ya nne wala si siku ya kwanza, na mwalimu pamoja na mwanafunzi wafanye nini.

MAHALI PANAPOUMA

Kati ya goti na kifundo cha mguu kuna mifupa miwili. Mmoja ni mwembamba, upo upande wa nje, nao hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili. Wa pili ni muundi, mfupa mnene ambao makali yake ya mbele unaweza kuyapapasa chini ya ngozi. Hapo ndipo tunapopaita ugoko. Muundi ndio unaobeba karibu uzito wote. Umbo lake si sawasawa toka juu hadi chini: karibu na goti ni mpana, kisha hupungua, na sehemu iliyo nyembamba kuliko zote ipo kwenye theluthi ya chini.

Maumivu tunayoyazungumzia hutokea kwenye ukingo wa ndani wa mfupa huo, kwa nyuma kidogo, mahali unapokutana na misuli ya shavu la mguu. Mwanafunzi akipitisha vidole kwenye ukingo huo atahisi uchungu uliotandaa, kwa kawaida sentimeta tano au zaidi. Mwanzoni huumia anapoanza kukimbia, hupata nafuu mwili ukishapata moto, kisha maumivu hurudi baada ya mazoezi. Hali ikiendelea, nafuu hiyo ya katikati hutoweka.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba misuli ya shavu la mguu ndiyo inayovuta utando unaofunika mfupa hadi utando huo ukavimba. Huenda jambo hilo lina sehemu yake. Lakini mwaka 2001 watafiti wa Sweden walichapisha vipimo vya wanariadha waliokuwa na maumivu haya ya muda mrefu, wakaonyesha kwamba mfupa wenyewe, pale pale panapouma, ulikuwa na madini machache kuliko mfupa wa wanariadha wasioumwa. Baada ya wagonjwa hao kupona, madini yalirejea. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "mfupa unauma" hakosei.

MFUPA SI JITI KAVU

Tunapoona mifupa ya mnyama iliyotupwa jalalani, huwa tunaifikiria kama mawe au kama jiti lililokauka. Mfupa ulio ndani ya mwili ni kitu kingine kabisa. Una mishipa ya damu, una neva, na una seli ambazo hazikai bure hata siku moja.

Mwalimu wa Biolojia anaweza kuonyesha jengo la mfupa kwa jaribio la gharama ndogo. Chukua mifupa miwili ya paja la kuku, uisafishe nyama yote. Mmoja uutie katika chupa yenye siki, ubadilishe siki kila baada ya siku mbili, kwa muda wa wiki moja au zaidi. Wa pili uuchome katika moto mkali wa mkaa hadi uwe mweupe. Mfupa uliolowekwa utapinda kama mpira, kwa sababu asidi imeyeyusha madini ya kalsiamu na kubakiza nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Mfupa uliochomwa umebaki na umbo lake, lakini ukiuminya utavunjika vipande vipande, kwa sababu nyuzi zimeungua na madini peke yake ndiyo yaliyobaki. Madini huupa mfupa ugumu; nyuzi huupa uwezo wa kupinda kidogo bila kuvunjika. Fundi anayetia nondo ndani ya zege anafuata kanuni hiyo hiyo.

Neno "kupinda" litiliwe mkazo. Kila mguu unapotua chini, muundi hupinda kwa kiasi kidogo sana ambacho jicho haliwezi kukiona. Misuli ya shavu la mguu husaidia kuupinga mpindo huo, na ndiyo maana misuli iliyochoka huuacha mfupa ubebe mzigo mkubwa zaidi. Kilometa ya mwisho ya mazoezi, wakati mwanafunzi anaburuza miguu, si sawa na kilometa ya kwanza, ingawa daftari la mwalimu linaziandika kwa namna moja.

Hebu tufanye hesabu. Chukua mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 50 anayekimbia kilometa 5 kwa hatua za meta moja moja. Atapiga hatua 5,000, yaani 2,500 kwa kila mguu. Katika kukimbia, ardhi husukuma mguu kwa nguvu inayofikia mara mbili hadi mara tatu ya uzito wa mwili. Tuseme mara mbili na nusu, ambayo ni sawa na kilo 125. Ukizidisha 125 kwa 2,500 utapata kilo 312,500, au tani 312 na nusu. Hayo ni malori 31 ya mahindi, ya tani kumi kumi, yakipita juu ya mguu mmoja katika jioni moja. Na nguvu zilizomo ndani ya mfupa wenyewe ni kubwa zaidi ya hizo, kwa kuwa misuli nayo huubana inapojikaza.

KALENDA MBILI

Mwaka 1892 daktari wa Kijerumani, Julius Wolff, alichapisha kitabu chake kuhusu namna mfupa unavyojijenga upya kulingana na mzigo unaobebeshwa. Wazo lake la msingi bado linasimama: mfupa unaotumika huongezeka nguvu, na usiotumika hudhoofika. Mchezaji wa tenisi ana mfupa mnene zaidi kwenye mkono anaoshikia raketi. Kwa hiyo kukimbia si adui wa muundi. Kwa kijana ambaye bado anakua, kukimbia ni njia mojawapo bora ya kujiwekea akiba ya mfupa itakayomfaa uzeeni.

Tatizo limo katika utaratibu wa ujenzi wenyewe. Mfupa hauwezi kukarabatiwa kwa kupakwa tu tabaka jipya juu ya lile la zamani. Kwanza huja seli zinazobomoa, ziitwazo osteoklasti, nazo hukwangua sehemu iliyochakaa na kuacha vishimo vidogo. Baadaye huja seli zinazojenga, ziitwazo osteoblasti, ambazo hujaza vishimo hivyo kwa nyuzi mpya, na madini huingia pole pole. Kazi ya kubomoa huchukua kama wiki tatu. Kazi ya kujenga huchukua kama miezi mitatu.

Msomaji atazame tena tarakimu hizo. Mwanafunzi anapoanza mazoezi mazito kwa ghafla, sehemu nyingi za muundi huanza kubomolewa kwa wakati mmoja ili zijengwe upya kwa nguvu zaidi. Kufika wiki ya tatu au ya nne ubomoaji umekwenda mbali na ujenzi ndiyo kwanza unaanza. Kwa muda huo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Nyumba ambayo ukuta wake mmoja umeangushwa ili ujengwe kwa tofali za kuchoma haifai kupandishiwa bati siku hiyo hiyo.

Wakati huo huo moyo na damu vina kalenda yao, iliyo fupi zaidi. Maji ya damu huongezeka katika siku chache za kwanza, na pumzi huwa nyepesi ndani ya wiki mbili. Mwanafunzi hujiona ana nguvu mpya, na mwalimu mwenye saa mkononi huona muda unapungua. Wote wawili hukubaliana kuongeza mbio, katika wiki zile zile ambazo muundi ungehitaji nafuu. Kwa maoni yangu hapa ndipo lilipo kosa kubwa la mazoezi ya shule zetu. Uvivu wa wanafunzi na ubaya wa viwanja hutajwa sana, lakini hauzidi kosa hili la kufundisha mfupa kwa saa ya moyo.

Majeshi yaliligundua jambo hili kabla ya wanamichezo. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba na kuumwa nyayo baada ya kutembea mwendo mrefu. Hakuweza kujua kwamba mifupa ya nyayo zao ilikuwa imepata nyufa, maana eksirei iligunduliwa mwaka 1895. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985 juu ya askari wapya 295 wa Israeli, asilimia 31 walipata nyufa za namna hiyo wakati wa mafunzo, na nyingi zilikuwa kwenye muundi. Vijana wetu wanaomaliza kidato cha sita na kupelekwa kwenye kambi za JKT, kama ile ya Mlale hapa mkoani Ruvuma, hukutana na kwata na mchakamchaka wa kila siku wakitoka kwenye miezi ya kukaa dawatini na mitihani. Afadhali waanze kutembea na kukimbia kidogo kidogo kabla hawajapanda basi.

KUPAMBANUA MAUMIVU

Si kila maumivu ya ugoko ni ya aina moja, na hapa mwalimu anahitaji uangalifu, kwa sababu kuna moja ambalo likidharauliwa huleta hasara.

Maumivu ya kawaida, kama tulivyosema, yametandaa. Ufa wa mfupa huuma mahali pamoja. Mwambie mwanafunzi apapase muundi wote kwa ncha ya kidole. Akipata sehemu moja ndogo, ambayo kidole kimoja kinaweza kuifunika, na akashtuka kila anapoibonyeza, achukuliwe kwamba ana ufa hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Dalili nyingine za ufa ni maumivu wakati wa kutembea tu, maumivu ya usiku kitandani, na kushindwa kurukaruka kwa mguu huo bila uchungu mkali. Ufa uliopo kwenye makali ya mbele ya muundi ni wa hatari zaidi, kwani hupona kwa shida na unaweza kuendelea hadi mfupa ukakatika kabisa.

Mwanafunzi wa namna hiyo apelekwe hospitali, iwe ile ya mkoa au Peramiho au kituo kingine chochote chenye eksirei. Lakini yapo mambo mawili ambayo mwalimu ayafahamu. Kwanza, ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani katika picha ya wiki mbili au tatu za mwanzo. Huonekana pale mfupa unapoanza kujiunga na kuacha alama nyeupe. Picha safi si ruhusa ya kurudi uwanjani ikiwa kidole bado kinakuta uchungu pale pale. Pili, mganga aelezwe kwamba mtoto huyu amekuwa katika mazoezi, kwa wiki ngapi, na kwa kiasi gani. Bila habari hizo atadhani mtoto amejigonga tu.

Kuna pia wale ambao mguu wao hukaza kama umefungwa kamba kila wanapokimbia kwa dakika kadhaa, na wayo hufa ganzi, kisha hali hiyo huisha wakipumzika. Huo ni mgandamizo ndani ya mafungu ya misuli, nao wahitaji daktari. Na kijana yeyote mwenye maumivu ya mfupa pamoja na homa, au uvimbe unaokua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kuzungumza habari za riadha. Huenda mfupa umeingiwa na vijidudu, au pana ugonjwa wa selimundu, au jambo jingine zito.

KUKAZA ROHO

Hakuna mwanafunzi wa Tanzania asiyesimuliwa habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, alianguka akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea hadi mwisho, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Habari hiyo ni njema na yastahili kusimuliwa. Hata hivyo nimeona ikitumiwa vibaya. Akhwari aliumia kwa ajali, siku moja, ndani ya shindano ambalo nchi yake ilimtuma. Hakutumia wiki sita kukimbia kila jioni juu ya mfupa uliokuwa unamwomba apumzike. Miaka miwili baadaye, huko Edinburgh, alimaliza wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola, nafasi ambayo mtu haipati kwa miguu iliyoharibika.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa njia ya aibu. Nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya mkoa huu, nilikuwa na msichana wa kidato cha tatu mwenye kipaji katika mbio za meta 3,000. Wiki ya nne alianza kutua mguu wa kushoto kwa woga. Nilimsimulia habari za Akhwari. Alinyamaza, akaendelea. Siku kumi hivi baadaye alishindwa kupanda ngazi za bweni. Picha ya kwanza ilikuwa safi, nami nikamrudisha uwanjani; ile ya pili, iliyopigwa wiki tatu baada ya hapo, ilionyesha ufa. Wenzake walipoondoka kwenda mashindanoni alibaki bwenini na gongo. Kilichoniumiza zaidi ni pale aliponieleza kwamba maumivu yalianza mapema sana, ila alinificha kwa sababu alijua nitakachosema.

Kwa hiyo kitu cha kwanza katika kinga ni ruhusa ya kusema. Kila Jumatatu mwalimu awapange wanariadha wake, kila mmoja abonyeze ukingo wa ndani wa muundi toka juu hadi chini, na aseme anachohisi mbele ya daftari. Zoezi hilo huchukua dakika tano. Anayesema mapema asiondolewe kwenye timu, apunguziwe mbio. Wakishaona kwamba ukweli haumnyimi mtu nafasi yake, hawataficha.

TIBA

Dawa kubwa ni kupunguza mzigo kwa muda. Kwa maumivu yaliyogundulika mapema, wiki mbili hadi sita zatosha mara nyingi; yaliyofichwa kwa muda mrefu huchukua miezi. Kupumzika hakuna maana ya kulala. Baiskeli huufanyisha moyo kazi bila kuupiga muundi, na wanafunzi wengi wa vijijini wanayo njia hiyo tayari. Kutembea kusikoleta maumivu kunafaa.

Kutia mguu katika ndoo ya maji baridi kwa robo saa hupunguza uchungu, na maji ya bomba ya Songea mwezi Juni hayahitaji barafu. Hata hivyo hayajengi mfupa. Kuchua misuli ya shavu la mguu kwa upole kunastarehesha. Kuusugua mfupa wenyewe kwa nguvu ni kuongeza kidonda juu ya kidonda, na chale hazifai kabisa, maana huwafungulia vijidudu mlango mahali ambapo mfupa upo chini tu ya ngozi. Vidonge vya kutuliza maumivu visinywewe ili mtu apate kukimbia. Maumivu hapa ni mlinzi wa usiku, na anayempa mlinzi dawa ya usingizi asishangae kuibiwa.

Mwanafunzi anapoweza kutembea kwa haraka nusu saa bila uchungu, na kidole hakikuti tena mahali panapouma, aanze kurudi. Akimbie dakika moja, atembee dakika moja, mara kumi, juu ya nyasi, siku moja baada ya nyingine na si mfululizo. Kipimo ni asubuhi inayofuata: akiamka bila maumivu, aongeze kidogo, akiamka nayo, arudi hatua moja nyuma. Pamoja na hayo aimarishe shavu la mguu kwa kusimama kwenye ukingo wa ngazi na kupanda na kushuka kwa vidole vya miguu, taratibu, mara kumi na tano, kwa mafungu matatu.

KUHESABU KURUDI NYUMA

Wengi hutarajia kwamba kunyoosha misuli kabla ya mazoezi kutazuia tatizo hili. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa askari wapya 1,538 wa Australia: nusu yao walinyoosha misuli ya miguu kabla ya kila zoezi, wengine hawakunyoosha, na baada ya wiki 12 idadi ya walioumia miguu haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Anayependa kunyoosha anyooshe, ila asidhani amejikinga. Ile kanuni mashuhuri ya kutoongeza zaidi ya asilimia kumi kwa wiki nayo ilijaribiwa Uholanzi kwa wakimbiaji wanaoanza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 hayakuonyesha kwamba iliwapunguzia madhara. Ni kipimo cha busara tu, wala si sheria ya maumbile.

Kinachobaki ni kuipa mifupa miezi yake. Kama mashindano ni Juni, na ujenzi wa mfupa huchukua miezi mitatu, basi mazoezi yaanze mapema Februari, kwa mbio fupi na polepole, siku tatu kwa wiki. Hapa Songea wakati huo una faida nyingine: mvua zingali zinanyesha, nyasi ni nene na ardhi ni laini. Utelezi upo, lakini mtu anayekimbia polepole haanguki kirahisi. Wiki ya nne ipunguzwe makusudi, hata kama vijana wanajiona wana nguvu. Hasa kama wanajiona wana nguvu. Mbio za kasi na za miteremko zisubiri Aprili. Kushuka milima kama ile ya Matogoro huwafurahisha vijana kuliko kupanda, lakini mguu hupata kipigo kikubwa zaidi wakati wa kushuka.

Mchakamchaka nao uhesabiwe. Nusu saa ya kukita miguu kwa pamoja juu ya barabara ni mzigo kamili, na mwanafunzi aliyechaguliwa kwenye timu anaweza kuruhusiwa kuimba akiwa anatembea. Katika mstari ule mfupi hulazimika kuvuta hatua ndefu ili asiachwe na mrefu, jambo linaloongeza kipigo cha kila hatua.

Kuhusu viatu, maneno ni mengi kuliko ushahidi. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, akashinda tena Tokyo mwaka 1964 akiwa amevaa viatu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliozoea pekupeku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo. Mwingine wa mwaka 2013, juu ya Wadasanachi wa kaskazini mwa Kenya, nao pia watembea pekupeku, ulikuta kwamba wengi wao hutua kwa kisigino wanapokimbia kwa mwendo wa kawaida. Lililo hakika ni kwamba mfupa hauupendi ugeni. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi pekupeku miezi minne asipewe viatu vya misumari siku moja kabla ya shindano, na aliyezoea raba asivuliwe ghafla.

Mwisho kuna chakula, ambacho katika shule za bweni hakizungumzwi vya kutosha. Mwili usiopata nguvu za kutosha huahirisha ujenzi wa mfupa ili kulinda moyo na ubongo. Anayekimbia alfajiri na kungojea uji hadi saa nne anajenga kwa mkopo. Kwa wasichana ipo dalili iliyo wazi: hedhi ikikatika miezi mitatu wakati wa mazoezi, mwili unasema kwamba chakula hakilingani na kazi, na hatari ya kupata ufa huongezeka. Mwalimu wa kike au matroni ndiye anayefaa kuuliza habari hiyo, kwa faragha na bila kumwaibisha mtoto. Kalsiamu haihitaji dawa za dukani. Dagaa wa Ziwa Nyasa huliwa pamoja na mifupa yao, na bakuli la dagaa kando ya ugali na maharage ni tofali na saruji kwa pamoja.

Yule msichana wa meta 3,000 alipona. Februari iliyofuata alianza kwa kutembea na kukimbia kwenye nyasi zilizolowa, siku moja baada ya nyingine, na kila Jumatatu alikuwa wa kwanza kuinama na kubonyeza muundi wake mbele ya daftari. Wiki ya nne aliniambia kwamba upande wa kushoto unahisi kitu. Tulimpa baiskeli kwa siku tisa. Mwezi Juni alikimbia katika mashindano ya mkoa, akamaliza wa tatu, na jioni ile alitembea mwenyewe kurudi bwenini.